Plagi Mfukoni mwa Machogu

Plagi ya tisa Machogu aliinunua Nyamira mjini siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye duka la vipuri lililo mkabala na stendi ya magari ya Keroka. Mwenye duka hakumwuliza ni ya pikipiki gani. Alinyoosha mkono hadi rafu ya juu, akakipangusa vumbi kijisanduku, akakiweka kwenye kaunta na kusema, "Daktari, hii ni orijino kabisa." Zile nane za mwanzo nazo zilikuwa orijino kabisa. Machogu alilipa, akaitia ile mpya kwenye mfuko wa shati, kwa sababu mfuko wa koti ulikuwa na mtu wake tayari, akavuka barabara kwenda kwa fundi.

Machogu hakuwa daktari wa watu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtu wa wizara anayezunguka vilima vya Gesima na kopo la barafu nyuma ya pikipiki, akiwapandisha ng'ombe mimba kwa mrija. Nusu ya ng'ombe wa gredi wa upande ule wasingekuwepo bila yeye. Alipostaafu, serikali iliipiga mnada ile pikipiki, naye akainunua mwenyewe, maana alikuwa ameizoea kuliko alivyozoea watu wengi. Ilikuwa ya zamani, ya kuchanganyia oili kwenye petroli, yenye mlio wa kukohoa na moshi wa buluu. Ila kwa kupanda kilima chenye utelezi haikuwa na mwenzake. Hata vijana wa bodaboda, ambao hawamsifu mzee bure, walilikubali hilo.

Sasa ilikuwa imesimama kwenye kibanda cha Okeyo. Ilikuwa imeletwa kutoka Gesima juu ya pikapu ya ndizi, ikiwa imelazwa ubavu katikati ya mikungu. Okeyo alikuwa fundi aliyetoka upande wa ziwani, akaoa, akajenga, akakaa Nyamira miaka kumi na minne. Kikisii alikielewa chote, lakini alikuwa na tabia ya kusema jambo kama lilivyo, na wateja wake walimsamehe kwa kuwa alikuwa mgeni na mikono yake ilikuwa mizuri.

Okeyo aliifungua plagi ya tisa. Aliipima mwanya kwa kipande cha msumeno wa chuma, akaichomeka kwenye kofia ya waya, akaiegemeza kwenye chuma cha injini ili cheche ionekane, kisha akapiga kiki. Hakuna kitu. Akapiga tena. Hakuna. Akaichukua plagi ile ile, akaiweka kwenye pikipiki ya mteja mwingine iliyokuwa karibu, na hapo ikatoa cheche ya buluu, safi, ya kupendeza. Akairudisha kwa Machogu. Hakuna.

"Koili nilibadilisha," Okeyo alisema. "Waya nilibadilisha. Pointi nimesugua kwa msasa mpaka nikajiona uso."

Machogu aliinama kuitazama injini. Okeyo alipoacha kusema, kitu kilisikika kutoka mfuko wa kulia wa koti la Machogu. *Ta. Ta. Ta.* Mfuko huo ulikuwa umeshonewa kipande cha blanketi kwa ndani, lakini blanketi lilikuwa limeanza kuungua pembeni.

Kwa plagi nane Okeyo alikuwa amejifanya kiziwi, kama watu wote wa Gesima na Nyamira walivyojifanya. Siku hiyo aliweka spana chini. "Mzee, hebu tuione hiyo ya mfukoni."

Machogu aliitoa, akaiweka kwenye kiganja cha Okeyo. Ilikuwa plagi ya kawaida, kuukuu kiasi, isiyo na waya wala injini wala betri. Kila baada ya sekunde moja ilitoa cheche. Okeyo aliigeuza ncha kwenye mwanga. Fundi anaisoma plagi jinsi mama anavyosoma choo cha mtoto: ikiwa nyeusi yenye mafuta, injini inakunywa oili, ikiwa nyeupe, injini inaungua, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mambo ni sawa.

"Rangi ya chai," Okeyo alisema. "Hii haijaumwa hata siku moja. Nani alisema imekufa?"

Machogu aliutazama mchanga. Haya ilimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye masikio, nayo ilikuwa haya ya zamani, iliyojua njia.

"Mimi."

"Ulimwambia nani?"

"Mke wa mwanangu."

Okeyo aliitikia kwa kichwa, kama fundi anavyoitikia mteja akikiri kwamba alitia mafuta ya taa badala ya petroli. Hakushangaa. Alionekana hata kupata nafuu, kwa vile sasa alijua ugonjwa.

"Basi shida haikuwa koili," alisema. "Pikipiki ilisikia imekufa, ikakubali. Plagi nayo inajua iko hai. Hao wawili hawawezi kushirikiana mpaka useme vingine. Na useme kwa yule uliyemwambia, si kwa mwingine. Mambo mengine yote tumejaribu."

Aliichomeka ile plagi ya zamani kwenye injini, akaikaza kwa spana robo mzunguko, naye akamwambia Machogu asiitoe tena. Ilipoingia mahali pake ikanyamaza. Okeyo alipiga kiki moja ya kujaribu tu, kwa kuwa fundi hawezi kujizuia, na pikipiki haikuwaka.

"Mke wa mwanao anaendeleaje?" aliuliza akifuta mikono.

"Ni mjamzito. Amebakisha wiki tatu."

"Basi usichelewe," Okeyo alisema, akamwita mteja aliyefuata.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Aprili, Jumatatu moja alasiri, mvua ilinyesha mpaka njia ya kutoka bondeni kwa Machogu ikawa kama sabuni nyekundu. Bodaboda hawakuteremka. Mkewe Bathsheba alikuwa sokoni Keroka. Mwanawe Ondieki alikuwa Narok, akijenga nyumba za watu. Machogu alikuwa peke yake barazani na gazeti la wiki iliyopita, ndipo akamwona Gesare, mke wa Ondieki, uchungu wa kuzaa umemshika, akija kutoka nyumba yao ya chini, akishika mgomba huu, akiuachia, akishika ule.

Alisimama mbali, mahali ambapo mke wa mwana hustahili kusimama. Wakisii wanaita chinsoni, yaani haya ambayo baba mkwe na mkaza mwana wanalindana nayo. Hawapeani mikono. Mzee haingii nyumba ya mwanawe. Hawakai kiti kimoja. Mambo ya tumbo na uzazi hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Kwa hiyo Gesare alipofumbua mdomo, Machogu alijua amefikia mwisho wa uwezo wake.

"Tata," alisema, kwani ndivyo mtu wa huko anavyomwita baba, "naomba unifikishe barabarani."

Pikipiki ilikuwa chini ya ukingo wa paa. Plagi yake ilikuwa mfukoni mwa Machogu. Ilikuwa desturi yake tangu enzi za wizara kuitoa plagi kila akiegesha, ili asije mtu akaiazima bila kuuliza. Kuirudisha kulikuwa kazi ya dakika moja.

Machogu alifikiria. Tuseme ukweli, hakufikiria sana kuhusu chinsoni. Alifikiria kituo cha chai. Kutoka kwake kwenda barabarani kuna njia moja tu, na njia hiyo inapita katikati ya kituo cha kuuzia majani ya chai. Saa hizo watu sitini wangekuwa wamekaa juu ya magunia yao wakingoja lori, hawana la kufanya ila kutazama. Aliwaona wakimtazama, yeye mzee wa kanisa, na mke wa mwanawe nyuma yake, tumbo likiwa limebanwa mgongoni mwake, nguo zimelowa. Alisikia utani ambao ungetengenezwa jioni hiyo, na ambao ungeishi kuliko yeye. Mtu wa miaka sitini na saba akawaogopa watu waliokaa juu ya magunia.

"Plagi imekufa," alisema.

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini alisimama, akaenda kwenye pikipiki, akapiga kiki mara tatu ili mke wa mwanawe aone kwamba amejaribu. Injini isiyo na plagi haikazi. Mguu unateremka bure na tundu linapumua, *puf*. Gesare alisikiliza hizo puf tatu. Kisha akasema, "Asante, tata," akageuka, akaushika mgomba wa kwanza.

Majirani walimbeba juu ya ngazi ya mbao. Ilichukua muda mrefu, kwani waliteleza mara nyingi na kila mara iliwabidi wamtue. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, wa kiume, na hakulia. Walimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba ya chini. Ondieki alikuja kutoka Narok, akakaa siku nne. Siku ya kuondoka alimwendea baba yake na kumshukuru kwa kujaribu.

Machogu alikuwa ameisikia plagi tangu ile alasiri yenyewe. Kabla wabebaji hawajafika nusu ya kilima, mfuko ulikuwa umepata joto, na alipotia mkono aliikuta inatoa cheche kwa utulivu, kama kitu kilicho kazini. Aliirudisha upesi kwenye injini ili awafuate. Injini ilikataa. Akaitoa, nayo ikaendelea mkononi.

Wiki zilizofuata alijaribu kuishi nayo. Aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo likalia zaidi. Akairudisha mfukoni. Kanisani, siku ya Sabato, ilisikika wazi wakati wa maombi ya kimya, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwaibisha mzee wa kanisa, watu waliomba kwa sauti. Kiongozi wa kwaya, ambaye siku zote alikuwa na shida ya kuwapa waimbaji mwendo, aligundua kwamba plagi haiongezi wala haipunguzi, akaanza kuifuata. Kwaya ikaimarika. Mwezi wa Agosti walishika nafasi ya pili kwenye mashindano ya kambi ya makanisa, na hakuna aliyetaja sababu. Bathsheba naye hakutaja. Usiku mmoja alilichukua tu koti, akashona kipande cha blanketi ndani ya mfuko kwa sindano kubwa ya magunia, akalirudisha kwenye msumari.

Mara moja Machogu aliitupa mtoni Gucha, akiwa juu ya daraja, akihakikisha hakuna anayemwona. Siku ya tatu Nyanchoka, mjane anayefua nguo za walimu, alifika kwake na kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Jani lilikuwa limetoboka matundu madogo ya kuungua.

"Daktari, ulisahau kitu chako kwenye maji," alisema.

"Asante, Nyanchoka."

"Samaki walikuwa wamekizunguka. Nimewaachia."

Alikunywa chai, akazungumzia bei ya sabuni, akaenda zake. Hakuuliza lolote, na hilo ndilo lililomkaa Machogu rohoni. Wote walijua. Mtaa mzima ulijua kwamba plagi haikufa, na mtaa mzima ulimstahi. Wakati mwingine alitamani mtu amtukane barabarani, limalizike. Lakini watu wa Gesima wana adabu, hawakumpa hata hilo.

Sasa, baada ya maneno ya Okeyo, pikipiki ilirudi nyumbani kwa pikapu ile ile, na Machogu akawa na wiki tatu. Alijua vizuri kinachotakiwa. Maneno yenyewe yalikuwa machache, hata mtoto angeyasema. Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza, njia ilikuwa imeshageuka sabuni, na kila asubuhi alipomwona Gesare akipita na ndoo, tumbo likitangulia, aligeuka kutafuta kazi ya kufanya zizini.

Wiki ya kwanza alianza mbali. Sabato alisimama wakati wa shuhuda, akasema kwamba kuna mtu fulani aliwahi kusema uongo kuhusu kifaa fulani, na mtu huyo anaomba maombi. Kanisa likasema amina, kwa upole mkubwa. Alirudi nyumbani, hakubadilisha hata suti, akapiga kiki. Haikuwaka. Pia kwaya iliimba vibaya siku hiyo, kwa kuwa plagi ilikuwa ndani ya injini na mwendo uliwapotea.

Wiki ya pili alimwambia mkewe. Bathsheba alikuwa jikoni akimenya ndizi.

"Ile plagi ilikuwa nzima," Machogu alisema.

"Najua."

"Ilikuwa mfukoni."

"Ni mimi nilishona mfuko," Bathsheba alisema. Alimenya ndizi nyingine, akaitupa majini. Machogu alidhani mazungumzo yameisha. "Ungeningoja nirudi kutoka Keroka. Ama ungemchukua Nyanchoka. Mtu mmoja angekaa katikati yenu. Ningekaa katikati mimi. Ni jambo la kukaa tu."

Machogu hakuwa amelifikiria hilo. Miezi kumi na miwili yote hakuwa amelifikiria, kwamba lilikuwa jambo la kukaa tu. Alitoka nje akasimama nyuma ya zizi, akalia bila sauti, kofia ikiwa mbele ya uso. Baadaye alipiga kiki. Haikuwaka.

Kwa Gesare mwenyewe alijaribu mara nne. Mara zote alimkuta njiani. Gesare alikuwa akijitenga pembeni, akainamisha macho, akamsalimu, "Bwakire buya, tata," naye Machogu akaitikia, akavuta pumzi, akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa habari za mvua. Mara ya nne alizungumza kuhusu mvua kwa muda mrefu sana. Gesare alisikiliza yote akiwa ameshika ndoo kichwani. Alipomaliza, Gesare alisema ni kweli, imezidi.

Mpango wa Gesare ulikuwa ahamie kwa dada yake Nyamira mjini mwisho wa wiki ile ya tatu, akangojee huko, karibu na hospitali. Machogu alipousikia kwa Bathsheba alifurahi kama mfungwa aliyepunguziwa kifungo. Dada yake angemchukua. Pikipiki isingehitajika. Angeweza kukaa na ukweli wake mpaka afe nao. Alilala vizuri usiku huo, na asubuhi alijichukia kwa kulala vizuri.

Jumatano, saa nane mchana, mvua ikinyesha, Bathsheba alitoka nyumba ya chini akiwa na leso kichwani na kikapu mkononi.

"Imeanza," alisema. "Bodaboda wamekataa kuteremka. Nimewapigia watatu."

Machogu alisimama. Alivaa koti, akavua, akavaa tena. Kisha akaisukuma pikipiki, magurudumu yakibeba matope, mpaka kwenye ua wa nyumba ya mwanawe, akaiegesha hatua tano kutoka mlangoni, kwa kuwa mlango huo hakuwa na ruhusa ya kuukaribia zaidi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani alisikia mtu akivuta pumzi ndefu na kuitoa. Aligeukia upande wa migomba ili asiangalie ndani, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo.

"Mama Ondieki yuko hapa na anasikia. Mwaka jana nilisema plagi imekufa. Haikufa. Ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipiga kiki ikiwa mfukoni."

Mvua ilipiga mabati. Pumzi ndani ilisimama, ikaendelea.

"Najua, tata," Gesare alisema kutoka ndani. "Niliisikia. Ulipokuwa unapiga kiki, ilikuwa inalia kwenye koti."

Alilisema kama mtu anayekubali kwamba chumvi imetosha. Ndipo pikipiki ilipowaka. Haikupigwa kiki. Iliwaka yenyewe, ikakohoa mara mbili, ikatulia kwenye mlio mzuri, wa chini, ambao Machogu hakuwa ameusikia tangu ikiwa mpya. Hata ule moshi wa buluu haukuwepo. Bathsheba aliisogeza miguu yake isichafuliwe na matope yaliyorushwa na bomba la moshi, akaweka kikapu begani.

Machogu aliondoa nailoni iliyofunika kiti. Alipangusa kiti kwa mkono wa koti lake, mbele na nyuma, hasa nyuma, mpaka kikakauka. "Mama Ondieki atakaa katikati," alisema kwa migomba.

Gesare alitoka. Alikuwa amevaa viatu vya mpira, sweta, na leso mbili kiunoni. Alifunga mlango kwa kufuli, akampa Bathsheba ufunguo. Aliitazama pikipiki, kisha kiti kilichopanguswa, kisha ardhi iliyo karibu na miguu ya Machogu, mahali ambapo mkaza mwana huweka macho.

"Asante, tata," alisema. "Mimi na wewe hatukai kiti kimoja."

"Mimi nitakaa katikati," Bathsheba alisema.

"Hapana, mama. Tutembee. Nimeanza mapema, uchungu bado uko mbali. Mwaka huu sikungoja mtu."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, wala kejeli. Ilikuwa ile sauti ya heshima ambayo alimpa Machogu kila siku njiani, haikuongezwa wala kupunguzwa. Machogu alitafuta ndani ya sauti hiyo nafasi ndogo ya kushikilia, akaikosa. Wanawake wawili walipita mbele yake wakashika njia, Gesare akipanda polepole, kwa visigino, kama mtu aliyeifanyia njia ile mazoezi. Kumbe alikuwa ameifanyia kweli. Zile ndoo za kila asubuhi alikuwa akizipandisha kilima hiki, na mtoni si upande huo.

Machogu alisimama ameshika usukani. Kubaki kulikuwa kama mwaka jana. Kuwapita kulikuwa vibaya zaidi. Alipanda pikipiki akawafuata, gia ya kwanza, miguu yote miwili ikiburuzika kwenye matope, akiacha hatua kumi kati yake na wao. Wakisimama, alisimama. Uchungu ulipomshika Gesare, aliinama akashika kichaka cha chai, na Machogu akatazama mbali, na injini ikanguruma kwa upole bila kukosa pigo hata moja. Haikuteleza popote. Ingewafikisha barabarani kwa dakika sita.

Mtoto angezaliwa jioni hiyo Nyamira, wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuudhi wodi nzima, baada ya gari la mwalimu mmoja kuwabeba kutoka barabarani. Katika hilo, pikipiki haikuwa na mchango wowote.

Kabla ya hapo kulikuwa na kituo cha chai. Saa tisa na nusu watu walikuwa wamejaa, lori lilikuwa limechelewa, na magunia yalikuwa yamepangwa pande mbili za njia chini ya paa la mabati. Gesare aliingia katikati yao akitembea, mkono mmoja mgongoni. Nyuma yake Bathsheba na kikapu. Nyuma ya Bathsheba, hatua kumi, Machogu juu ya pikipiki inayokwenda vizuri, kiti cha nyuma kikiwa kitupu na kimeanza kulowa.

Watu walitazama. Hakuna aliyecheka. Wanawake wawili walisogea wakampa Gesare nafasi juu ya gunia, akakaa, akafumba macho mpaka uchungu ukapita. Mmoja alimfuta mvua usoni. Machogu alisimama pale pale njiani. Alitaka kuzima injini, akazungusha ufunguo, lakini injini iliendelea, naye akauacha mkono kwenye ufunguo kwa muda kana kwamba ndivyo alivyokusudia.

Bosire, karani wa mizani, ni mtu wa watu, na ukimya haumfai. "Daktari," alisema, "naona pikipiki imepona."

"Imepona," Machogu alisema.

"Mungu ni mwema," Bosire alisema.

"Kila wakati," watu sitini wakaitikia kutoka juu ya magunia.

Gesare alishukuru, akainuka, akaendelea na njia. Bathsheba alimfuata. Machogu akatia gia. Walipokuwa wakipita, watu wa upande wa kulia walianza kumsalimu, kisha wa upande wa kushoto, mmoja mmoja, kwa majina yake yote, daktari, mzee wa kanisa, baba Ondieki, wakimwuliza habari za nyumbani. Machogu aliitikia kila salamu, akasema nyumbani ni kuzuri, mpaka alipofika gunia la mwisho.